Maziwa ya Kioo

Mama yangu,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili, na goti lile linalokusumbua. Je, limetulia? Huku Uingereza baridi yanivalisha soksi mbili mbili, lakini mwanao ni mzima.

Wasema majirani wa Takaungu wanadai naosha vyombo. Naosha kweli, ila ni vioo. Twaunda chombo cha kutambua malaria kwa tone la damu. Juu ya kioo napandikiza kingamwili, wale askari wa damu wanaomjua adui. Taabu iko kwenye uso wa kioo: usipopakwa dawa yake, askari hulala kifudifudi wasishike kitu. Na penye nafasi tupu hunasa kila uchafu, mshale wa chombo, unaoruka ukiona malaria, ukaruka bure. Basi mwisho nakichovya kioo katika maziwa ya unga, yazibe nafasi. Ndiyo mama, maziwa ya kopo, ya dukani!

Juzi walikuja wageni wa kuamua kama kazi yetu iendelee au ifungwe. Mkuu wangu, Bibi Margaret, akaniambia niwape chai. Maziwa ya chai yamekwisha! Nikachukua kopo la maziwa ya vioo, nikalimaliza. Kioo nikakiacha bila maziwa. Nikajisemea, mara moja haidhuru.

Mkubwa wa wageni akatoa kidole, tukamchoma. Mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Nina malaria?" akauliza, jasho likimtoka. "Mimi sijavuka hata bahari!"

Bibi Margaret akajichoma mwenyewe. Naye ana malaria. Karani wake, malaria. Akanigeukia polepole.

"Zuhura, maziwa uliyatia?"

Nikaonyesha vikombe vyao. "Wameyanywa."

Mama, moyoni nilikwisha funga mizigo. Lakini yule mzee, mkubwa wa wageni, alicheka mpaka akapaliwa. Nikakimbilia dukani kununua maziwa, nikachovya kioo kipya, nao wakangoja saa nzima. Safari hii kwa damu yake mshale ukatulia tuli. Damu ya mgonjwa wa malaria, tuliyoiweka akiba, ikaurusha. Mzee akasema, "Sasa nimeelewa kazi ya maziwa kuliko kwa hotuba zote." Tumeongezewa mwaka.

Nisalimie baba, kaka na mkewe, na bibi mwambie namwombea. Shangazi anayenitafutia mchumba, mwambie amngojeshe huyo bwana mwaka mmoja tu. Akishindwa kungoja, basi tumeshampima.

Ni mimi, mwanao akupendaye,
Zuhura