Sentensi Moja Kuhusu Mwezi wa Julai

Nuakshot, 19 Julai

Mama yangu mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa wote mlio pamoja huko Adrar chini ya mitende. Goti linaendeleaje? Nasikia mwaka huu tende zimewahi kuiva, na kwamba Mjomba Yarba anakulisha mpaka unalalamika. Kula, Mama. Mimi nina afya, ila usingizi umenipungua.

Utakumbuka nilipewa kazi ofisini ya kuandika kijitabu cha kuueleza mji wetu kwa wageni. Niliifanya kwa moyo wote. Niliandika juu ya soko la ngamia, mashua za wavuvi, na mchanga unaoingia mpaka kwenye mkate. Kisha, ili nionekane naujua mji kweli, nikaongeza sentensi moja: kwamba Julai watu wa kitongoji chetu cha Lemseila hufunga milango na kwenda kwenye mavuno ya tende, hata anayepita hasikii ila mbuzi.

Mkuu wangu, Bwana Hamoud, aliisoma mara mbili. Alinimiminia chai kwa mkono wake, akaniita mwanangu, akauliza watu huondoka wiki gani hasa. Nilimjibu kwa furaha. Tulipofika glasi ya tatu nilikuwa nimemtajia hata wanaobaki.

Jumanne asubuhi matingatinga yalikuja. Wakubwa wa ofisi yetu wanataka kujenga hoteli pale. Aliyetoka ni Khala Tislem peke yake, jirani yetu mwenye mguu mbovu. Alikiburuta kitanda chake hadi katikati ya njia, akakikalia, akamwuliza dereva kama mama yake alimzaa au alimwokota jalalani. Dereva alicheka, akamwambia kwamba leo bibi atabebwa kama bibi harusi. Wanaume wanne wakambeba na kitanda chake, wakiimba na kupiga vigelegele, wakamtua juani kando ya barabara. Aliponiona nimesimama na wakubwa, aliniita kwa jina, akasema niwaambie hawa mbwa kwamba nyumba hizi zina wenyewe. Nilitazama pembeni. Bwana Hamoud akaniuliza kama namfahamu yule kikongwe. Nikasema simfahamu.

Mama, nyumba yetu haipo tena. Niliokoa godoro na birika.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Siku ile niliijua wiki moja kabla. Ningekupigia simu ungerudi, kwani mwenye nyumba aliyekutwa ndani ilibidi apewe kiwanja kingine. Sikupiga. Niliwekewa orodha mezani, na mbele ya namba ya nyumba yetu nikaandika kwa mkono wangu: haina mtu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeamkia humo. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na Bwana Hamoud alisema wasomi wasio na kazi wamejaa hadi getini.

Ndani ya bahasha kuna karatasi inayosema uliihama nyumba kwa hiari yako tangu mwaka juzi. Tafadhali tia sahihi chini, nilipoweka alama ya penseli. Usimwonyeshe Mjomba. Irudi kabla ya Alhamisi, maana wameanza kuuliza kwa nini jina la ukoo katika orodha linafanana na langu.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na Mungu akulinde na joto.

Mwanao mtiifu,
Cheibany