Vidonge vya kutoa kutu

Mama Kambale wangu, salamu toka Goma yenye vumbi nyeusi.

Ninakutangazia rasmi: kiwiko changu cha kushoto sasa kina programu. Asubuhi kidonge cha antioksida, saa sita chai ya kijani, jioni juisi ya betrave, ile mizizi myekundu. Mukamwana wetu ndiye aliyeipanga.

"Papa, antioksida inatoa kutu ndani ya mwili. Psoriasis hii ya ngozi ipone kwanza, kisha utamubeba mutoto."

"Mama, mimi ni mutu ao bati?" nikamuuliza.

Alicheka sana, lakini mutoto akamuhamishia kwenye bega la mbali.

Dokta wa ngozi alimwambia mbele yangu kwamba ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo, na kwamba vidonge vile pengine vinasaidia, pengine hapana. Akaitika vizuri, "Ndiyo, Dokta," kisha akapita farmasi kuninunulia chupa ya pili. Ni mutu wa roho nzuri. Ndiyo maana sina pa kumukasirikia.

Funika magoti yako, baridi ya Butembo haina huruma. Ninakukumbuka kila saa ya chai.

Mujukuu wetu alibatizwa jana. Walimupa jina langu. Sikumubeba.

Papa Kambale