Mawe ya Madam Mkubwa

Al Barsha, Ijumaa ya mwisho ya Agosti, 2016

Leo joto lina unyevu mpaka vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa nje. Humu ndani ni baridi ya kiyoyozi. Nimejifungia chumbani. Nina hasira, na ni hasira ya kimya, ile inayokaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nianze na mawe, maana bila mawe hakuna atakayenielewa.

Bosi wangu, ambaye mimi humwita Sir, ni Mswidi. Hana mke. Anaishi na mama yake mzee, na huyo ndiye niliyeletwa kumtunza. Namwita Madam Mkubwa. Zamani alikuwa mtaalamu, na maisha yake yote ameyamaliza kwenye kisiwa kimoja cha kwao huko kaskazini, kisiwa cha mawe ya chokaa, akisoma vitu vinavyoota juu ya hayo mawe. Vinaitwa laikeni. Ukiziona utadhani ni uchafu. Nyingine ni za njano kama kiini cha yai, nyingine kijivu kama jivu la jikoni, na nyingine zimezama ndani ya jiwe lenyewe, unaona vishimo tu kama alama za ndui. Alinieleza kwamba ni kuvu na mwani, wameshikana, hawa wawalisha wale na wale wawahifadhi hawa.

Mwanawe alipomhamishia Dubai, mzee alikuja na sinia la mawe hayo. Zile laikeni ni adimu, na mahali alipoziokota sasa pamelipuliwa kwa baruti, pakasagwa saruji. Kwa hiyo alizipenda. Mimi sikuona ubaya. Mtu hupenda anachokipenda.

Kwa mawe ana sauti laini. Kwangu ana sauti nyingine.

Mwezi wa sita Sir na mama yake walijiandaa kwenda kwao kukimbia joto. Wakati huohuo mdogo wangu Mwanamisi akanipigia kutoka Malindi. "Da Mishi, mama hali chakula. Njoo." Nikamwendea Sir. Nikamwambia mama yangu ni mgonjwa sana, nyinyi mnasafiri, nyumba itakuwa tupu, nipe pasipoti yangu nami niende, nitarudi kabla yenu.

Sir si mtu mbaya. Aliitikia kwa kichwa. Akasema sawa, Mishi, lazima uende.

Madam Mkubwa alikuwa ameketi pale pale. Akauliza, "Na mawe yangu?"

"Mama, ni mawe," Sir akasema.

"Yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Maji yaliyosafishwa, si ya bomba. Akiondoka yatakufa. Mama yake ana watoto wengine."

Alisema hivyo mbele yangu, kwa Kiingereza cha polepole, ili nisikose neno. Sir akatazama sakafu. Usiku ule hakunipa pasipoti, na kesho yake akaniambia, "Tukirudi, inshallah."

Wakaweka kamera ndogo juu ya kabati, inayatazama mawe. Walikuwa wanaiona kwa simu kutoka huko Uswidi.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyokaa. Nyumba nzima mimi peke yangu, na kiyoyozi kikiwaka chumba cha mawe tu, maana chumba changu Madam Mkubwa alisema kisipotezewe umeme. Asubuhi nanyunyiza. Jioni nanyunyiza. Mwanamisi ananipigia, anamwekea mama simu sikioni, namsikia anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Mwanamisi aliniambia kila lango likilia mama alikuwa anauliza, "Ni Mishi?"

Chini kwenye mlango wa jengo kuna mlinzi, Kato, Mganda. Nilimwambia yote.

"Dada, hayo mawe wewe achana nayo," akasema. "Uwaambie yalikufa. Mawe yanaweza kukushitaki?"

"Kuna kamera."

"Basi nyunyiza maji ya chumvi. Kamera inaonja?"

Tulicheka wote wawili. Kisha nikapanda juu nikashika chupa ya chumvi ya jikoni, nikaishika muda mrefu.

Sikuitia majini. Nilijiambia vitu hivi havina hatia. Vimetolewa kwao kama mimi.

Mama alifariki alfajiri moja, hata sikuwa nimeamka vizuri. Mwanamisi alilia kwenye simu mpaka salio lake likakatika. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Sijui nilikaa kiasi gani. Simu ikalia tena nikadhani ni yeye, kumbe ni Sir.

"Mishi, habari? Mama anasema leo umechelewa. Kuna tatizo?"

"Sir, mama yangu amefariki."

Nikasikia anafunika simu, anazungumza kwa lugha yao. Akarudi.

"Pole sana, Mishi. Pole sana." Halafu akakohoa. "Mama anauliza kama unaweza kunyunyiza sasa."

Nikainuka, nikanyunyiza.

Naliandika hili nione kama naweza kulisoma bila kupiga kelele. Nikainuka, nikanyunyiza, nikitazamwa. Huko Malindi wakamzika mama baada ya adhuhuri.

Sasa leo. Wamerudi asubuhi. Madam Mkubwa hakuvua hata koti lake la safari. Kaingia moja kwa moja kwenye mawe, akavaa miwani yake, akachukua kioo cha kukuzia. Nilisimama mlangoni. Na nikiri jambo moja: nilitaka anisifu. Baada ya yote yale, nilitaka aseme nimeyatunza. Nimeyalipia, basi yawe hai.

Akayalowesha kwa maji, akangoja. Akakwangua kidogo kwa kiwembe. Akatazama tena.

"Zimekufa," akasema.

Nikaanza kuapa, "Wallahi Madam, sikukosa hata siku moja, kamera imeniona—"

"Si wewe," akanikata, kama mtu anayefukuza nzi. "Laikeni hai ukiilowesha huwa kijani. Hizi hazikuwa kijani hata kabla hatujaondoka. Tangu Machi."

Sir alikuwa anabeba mabegi. Akayaweka chini.

"Mama, ulijua?"

"Nilishuku."

"Ulijua zimekufa, na ukamzuia Mishi asiende kwa mama yake?"

"Wakati mwingine hurudi. Ilibidi kujaribu." Akavua miwani. "Ingekuwa ujinga kutojaribu."

Halafu akalia. Machozi ya kweli, mabega yakitikisika, mwanamke mzee mwenye koti zito, analilia mawe. Akaninyooshea mikono kama mtoto, maana mimi ndiye niliyezoea kumwinua. Na mimi nikaenda. Nikamshika. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia pole, pole, Madam, huku moyoni nikitamani alie mpaka macho yakauke.

Mama yangu sijamlilia bado. Mawe yake nimeyalilia? Sikuyalilia. Nilimshika yeye tu.

Alipotulia akajipangusa, akamwambia mwanawe, na mimi bado nimemshika, "Sasa anaweza kwenda. Hapa hakuna tena cha kutunza."

Sir akaniletea pasipoti mwenyewe. Hakuweza kunitazama. Akasema tiketi atakata ya wiki ijayo, nikae huko muda nitakao. Nikamwambia, "Ahsante, Sir, lakini sitarudi."

"Na Mama? Nani atamtunza?"

"Sijui, Sir."

Miaka yote niliyofanya kazi humu sijawahi kumjibu hivyo. Akafunga mlango taratibu.

Basi ruhusa ninayo, na wa kumwendea hayupo. Nimempigia Mwanamisi nikamwambia nakuja. Akafurahi, maskini, sauti ikamrudi. Akanisimulia matanga yalivyokuwa, nani alipika, nani alisoma.

"Watu walikuulizia, Da Mishi. Nikawaambia una mgonjwa huko, bibi kizee, ukimwacha utamuua. Wote wakakuombea dua. Bibi mwenyewe hajambo sasa?"

"Hajambo," nikasema.

Akasema alhamdulillahi, basi kumbe ilikuwa na faida. Nikakata simu.

Mawe sikuwahi kumtajia, na nimekuwa nikifikiria niyaache hivyo hivyo. Ni uongo mzuri, hata mama angeupenda. Lakini siwezi kwenda kusimama kaburini nikiwa nimeuvaa. Nikifika nitamchukua Mwanamisi twende wawili, tumsomee mama, na tukimaliza nitamtazama mdogo wangu usoni na kumwambia hakukuwa na mgonjwa.

Yalikuwa mawe. Na yalikuwa yamekufa.