Mbabula Ndani ya Chumba cha Mzazi

Jumanne, alasiri. Mvua imekata, milima iliyo juu ya Uvira imejitokeza tena.

Furaha yuko hai. Acha niandike hilo kwanza.

Binti yangu huyo alitoka Luberizi kuja kujifungulia kwetu, na leo ametimiza wiki tangu ajifungue. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua hupashwa joto. Asubuhi mvua ilipozidi, mama yake Furaha alimpeleka mtoto jikoni kumwogesha, nami nikaingiza mbabula, jiko letu la makaa, chumbani kwa Furaha. Nilingoja makaa yawe mekundu kabisa, yasiwe na moshi hata kidogo. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango. Kisha nikaketi sebuleni kuandika dhidi ya wakubwa wanaoua watu kwa uzembe wao.

Mama yake Furaha ndiye aliyemrudisha mtoto anyonye. Alimkuta Furaha amelegea, haitiki. Tukamtoa uani, tukampakia kwenye pikipiki ya jirani hadi kituo cha afya. Wakamvika barakoa ya oksijeni.

Nimesoma. Naweza kukueleza jinsi oksijeni inavyopenya utando wa seli bila kusukumwa na mtu, ikitoka palipo na wingi kwenda palipo na uhaba, na hewa chafu ikitoka vivyo hivyo. Nilijua pia kwamba makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, seli zikabaki na njaa.

Nilijua. Elimu hiyo nilikuwa naitumia kushindia mabishano tu.

Muuguzi, msichana wa rika la binti yangu, alinikazia macho. "Papa, weye unaandikaka mambo ya dunia yote, na dirisha ulifunga?"

Nikakiri kwamba ndiyo, nililifunga. Mimi!

Baada ya saa mbili Furaha alifumbua macho. "Papa, kichwa inaniuma. Mutoto iko wapi?"

Sijawahi kusikia lalamiko tamu kama hilo.

Amebaki kule na mama yake na mtoto. Mimi nimekuja kuwachukulia nguo. Lakini nyumba ya pili kutoka hapa kuna mzazi mwingine, na baba mkwe wake hatusalimiani tangu tulipokosana kanisani. Naenda kwake sasa, kabla hawajawasha makaa ya jioni. Sitampelekea hoja. Nitamwambia nilichomfanyia mwanangu.