Banda la Mgogo Kando ya Mtaro

Mtani wangu Chidawali, Mgogo wewe,

Ni mimi, Masunga. Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, nimeona kiwanda cha pamba kikifunguliwa na kikifungwa, nimewapita wenyeviti wa mtaa wote walioapa kunihamisha, na sasa nimekupita na wewe uliyejigamba kwamba utanizika. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la nne la zamani si mchezo.

Tangu tukuzike Kolandoto, mji umebadilika. Siku ile nililala ndani ya kaburi lako nikagoma kutoka mpaka wanao wanipe kuku. Wakatoa jogoo. Alikuwa mgumu kama wewe. Ndiyo haki ya mtani, Msukuma kwa Mgogo, na wewe ungenifanyia vilevile.

Sasa sikiliza. Wakubwa wa mji wanabadili ramani ya katikati ya mji. Mtaa wetu wa mafundi, kuanzia duka la spea la Hirji mpaka kule kwenye mtaro, utaruhusiwa maghorofa, na mtaro utapanuliwa ili mvua isiingie madukani. Lakini ramani haiidhinishwi hivihivi, mpaka wataalamu wa mazingira wapite, wapime, na watusikilize sisi wenyeji. Basi wakatuita ukumbini. Mkubwa wao ni binti mmoja kutoka Bukoba, mpole, anaandika kila kitu.

Akauliza, mafundi tunamwaga wapi oili chafu. Nani asimame kwanza kama si mimi? Nikasema sisi ni watu wasafi, isipokuwa Mgogo mmoja aliyekufa: huyo kamwaga oili mtaroni maisha yake yote, na mlenda juu yake, ndiyo maana hata vyura wa pale wanateleza. Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata Mama Neema, binti yako, alicheka. Yule wa Bukoba hakucheka. Aliandika.

Zikapita wiki, tukaitwa tusomewe walichoandika. Banda la marehemu Chidawali, udongo wake umechafuliwa kwa ushahidi wa jirani, liondolewe kabla ya kazi kuanza. Na banda hilo ndilo analofanyia kazi Mama Neema. Ulimfundisha kutengeneza pikipiki mwenyewe, ndizo anazosomeshea wanawe. Jioni yake akaja kwangu, spana bado iko mkononi.

"Shikamoo baba."

Marahaba.

"Kuku tulikupa. Kumbe na banda ulikuwa unalitaka?"

Akaondoka na spana yake.

Kesho yake nikamfuata binti wa Bukoba ofisini. Nikamweleza kwamba yale yalikuwa utani, si ushahidi. Akasema utani anaujua, lakini neno lililosemwa mbele ya watu linarekebishwa mbele ya watu. Kikao kingine kipo. Nisimame niseme ukweli, nao watapima udongo waone.

Mtani, uzito wa jambo hilo unaujua. Mtu hamsifii mtani wake hadharani. Akimsifia ni kama amemwambia, kuanzia leo wewe ni mtu baki. Tena mimi sijawahi kurudisha neno nyuma tangu nizaliwe. Wake zangu wote wawili walikufa wakisubiri niseme nimekosea.

Nilisimama. Nikasema Chidawali hakumwaga mtaroni hata tone. Kila jioni alikinga oili kwenye dumu, akawapa wenye mazizi wapake nguzo, mchwa wasizile. Nikadhani imetosha. Binti akauliza, "Mzee, una uhakika?" Hapo ndipo likanitoka: gete, kweli kabisa, nina uhakika, maana nguzo za zizi langu zimesimama kwa oili yake. Na alikuwa fundi kuliko mimi.

Wazee wa kwetu waliinamisha vichwa. Msiba wako ulikuwa siku ile, mtani. Kule Kolandoto tulicheka tu.

Udongo ukapimwa, ukaonekana safi. Ramani imeidhinishwa na mabadiliko yake. Maghorofa yatakuja, mtaro utapanukia upande wa pili, na kila fundi sasa ni lazima awe na dumu la oili. Banda limebaki. Mama Neema kalipaka rangi ya bluu, mbaya sana. Mimi ni mzima, nakula michembe yangu, viazi vikavu, meno bado yapo.

Najua umekasirika. Mtu aliyesifiwa na mtani wake hapumziki. Kwa hiyo nakuahidi: mvua zikikatika nitapanda baiskeli mpaka Kolandoto, ndiyo, baiskeli, kwa miaka hii hii, nisimame hapo kichwani pako nikutukane mpaka jua lizame, turudi kuwa sawa. Mpaka siku hiyo lala, na usimsumbue binti yako ndotoni, ana kazi asubuhi.

Na kama unabisha kwamba nilisema umenizidi ufundi, mashahidi wapo. Yupo Mama Neema, lakini huyo ni damu yako. Yupo binti wa Bukoba, kaandika yote, ila wewe kusoma hujui. Basi msubiri Hirji. Alikaa kiti cha mbele, akavua miwani akafuta macho, na siku hizi anakohoa sana. Atafika kabla yangu. Muulize yeye, maana Mhindi hana utani na sisi.