Hewa Isiyolala Chini

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Leo upande wa kisimani. Swali lile lile kila mlango: umewahi kusikia habari za umeme wa hidrojeni? Jibu lile lile kila mlango. Ndiyo. Nyanya mmoja asiyesikia vizuri alisema ndiyo kabla sijamaliza kusoma.

Nimechoka. Si miguu. Nimechoka kwa sababu najua si kweli. Mimi mwenyewe nimesoma kemia kule Kasongo, nimefanya mtihani wa taifa juzi juzi, na sikujua kwamba hidrojeni inawasha taa mpaka Injenia Didier alipofika Lusangi akanipa kazi ya kuuliza watu.

Mzee Kalonda, kapita wetu, mkuu wa kijiji, alinionea huruma. "Andika ndiyo, mutoto wangu. Usirudi bure."

Nikaandika. Huku kwetu mtu aliyekuja na swali haambiwi hapana usoni. Ni kama kumnyima kiti. Nilitaka kumwambia kwamba hapana yake ndiyo ninayoihitaji. Sauti haikutoka. Haitokagi.

Jumanne, tarehe 5

Niandike hapa jinsi mashine inavyofanya, maana hapa naweza kusema bila mtu kunitazama.

Mchana, sahani za jua zinatoa umeme. Umeme unagawanya maji. Hidrojeni inatoka, inafungwa ndani ya mitungi. Usiku inapitishwa kwenye kile chombo ambacho Injenia anakiita pile, inakutana tena na hewa ya kawaida, umeme unatoka, na maji safi yanadondoka. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Ni hivyo tu. Nikiandika inaeleweka kabisa.

Inatakiwa kuwekwa kwenye maternité, nyumba ya kuzalishia. Mama Sifa, mzalishaji wetu, anazalisha wanawake akiwa na simu inayomulika kati ya meno. Sahani za zamani zipo juu ya paa, lakini betri zake zilikufa kitambo. Jumamosi kijiji kitakaa kikao. Wakikubali, mashine inabaki Lusangi. Wakikataa, inapelekwa Nyangwe. Iko moja tu.

Naitaka ibaki. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Jumatano, tarehe 6

Nilimpa Injenia karatasi. Akazipitia, akacheka kwa furaha. "Lusangi wanajua kuliko Bukavu." Akasema basi hakuna haja ya kupoteza muda kuwaelimisha watu. Siku mbili alizotenga kwa maelezo atazitumia kupima msingi wa zege.

Nikasema, "Injenia, hawajui."

Akasema, "Unasema?"

Nikasema hakuna kitu.

Najichukia kwa hilo. Nimeandika ndiyo zao zote kwa mkono wangu.

Alhamisi, tarehe 7

Sasa hawasemi ndiyo. Wanasema mengine, lakini si mbele yangu. Nilipita penye wanawake wanaotwanga mihogo, wakanyamaza. Mmoja alichelewa kunyamaza. "Iko ile hewa ya mu shimo. Haina harufu, haina rangi. Wataifunga pale watoto wanazaliwa."

Nilikaa nyuma ya jiko, nikafikiri. Wana haki. Haina harufu, haina rangi: maneno yale yale yamo kwenye karatasi ya mradi, nami ndiye niliyeyasoma kwa sauti kila nyumba. Na hapa kila mtu anajua hewa ya namna hiyo. Kule Salamabila, kwenye machimbo, mchimbaji kabla ya kushuka kwenye shimo la zamani anateremsha mshumaa kwa kamba. Mshumaa ukizimika, hashuki. Kaka yangu Ramazani alishuka kumtoa mwenzake bila kungoja mshumaa. Wote wawili walibaki chini.

Mama bado anaitwa Mama Ramazani. Jioni alikula akiangalia ukuta.

Ijumaa, tarehe 8

Nimeharibu kila kitu.

Nilifikiri, nisiseme, nionyeshe. Shuleni mwalimu alituonyesha mara moja tu: hidrojeni kidogo ndani ya chupa ndogo, kiberiti, inalia pu, basi. Kitu kidogo, kama mtu anapiga mdomo. Niliazima betri ya pikipiki kwa binamu yangu. Nilichukua maji ya majivu, yale tunayopikia maharagwe, maana umeme unapita vizuri ndani yake. Misumari miwili. Chupa ya dawa ya kikohozi, ya kioo, imejaa maji hayo, nimeigeuza kichwa chini ndani ya beseni, juu ya msumari mmoja.

Baada ya swala wanawake walikuja, na watoto, na Mzee Kalonda na kiti chake. Mama alisimama mbali. Hidrojeni ilijaa polepole mno, watu wakaanza kupiga miayo, mtu akasema, "Huyu anapika nini?" Wakacheka. Nikaona aibu. Ili ijae haraka nikasukuma misumari yote miwili chini ya chupa moja.

Mjinga. Msumari mmoja unatoa hidrojeni, mwingine unatoa oksijeni. Ukizichanganya hailii pu. Nilikuwa nalijua hilo. Lilikuwa swali la mtihani.

Niliposogeza kiberiti, ilipasuka kama baruti. Kioo kiliruka. Mimi nilikatwa kidole, wengine hawakupata kitu, namshukuru Mungu. Lakini walikimbia. Beseni likapinduka, kiti cha kapita kikabaki peke yake.

Kabla ya magharibi nilisikia watoto njiani: "Binti ya Mama Ramazani anatengeneza bomu."

Jumamosi, tarehe 9

Wamekataa.

Haikuchukua muda. Injenia aliinua karatasi zangu, akawaambia, lakini nyinyi wenyewe mlisema mnaijua. Mzee Kalonda akamjibu kwa heshima sana: "Injenia, tulisema ndiyo kwa mutoto. Leo tunasema na weye."

Mama Sifa alisimama, akaomba. Akasema yeye ndiye atakayelala karibu na mashine, wao wanaogopa nini. Mwanamke mmoja akasema, "Weye unalala pale. Lakini anayezaliwa pale ni wangu."

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Jibu nilikuwa nalo. Niliinama, nikakaza kitambaa kidoleni.

Mama Sifa alipita mbele yangu akitoka. Hakunisalimia.

Jumapili, tarehe 10

Kidole kinauma. Sikutoka.

Jumanne, tarehe 12

Tulikuwa tunamenya karanga, mama na mimi. Tangu Ijumaa hakuwa amenena nami zaidi ya leta hiki, weka pale. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Ile yako, inalala chini?"

Nikasema hapana. Inapanda. Ni nyepesi kuliko hewa zote. Ukiifungulia inakwenda juu, inatoka kwa paa, inapotea.

"Ya mu shimo inalala."

"Ndiyo, mama. Ile ni nzito. Inakaa chini kama maji."

"Na ile inazima moto. Yako inawaka."

"Inawaka. Ndiyo sababu mitungi inakaa nje, mahali pasipo kuta, mbali na jiko. Ukiiweka ndani ya nyumba iliyofungwa, ni hatari kweli. Sitaki kukudanganya."

Maganda yakajaa mapajani mwake. Kisha akasema, "Kwa nini hukusema hivi Jumamosi?"

Nilianza kulia. Nikamwambia kwamba watu wakinitazama maneno yanakimbia. Nilikuwa na hasira: kwa Injenia, kwa kijiji, zaidi ya wote kwangu. Mama hakunibembeleza. Alikung'uta kitenge, akasema, "Inuka. Twende kwa Mzee Kalonda, Injenia hajaondoka."

Jumatano, tarehe 13

Walikaa tena, si wote.

Mama alisimama kando yangu. Nilisema sentensi moja kwa sauti yangu hii ndogo, naye akairudia kwa sauti yake ya kuitia watu kutoka shamba la ng'ambo. Nikasema nyingine, akairudia. Mtu akatania, "Leo redio iko na spika." Walicheka, nami nikacheka kidogo, na baada ya hapo ikawa rahisi.

Nilisema inapanda. Nilisema inawaka, na kwamba chupa ilipasuka kwa kosa langu, nilichanganya hewa mbili ambazo mashine inazitenganisha. Nilisema haikai karibu na kitanda cha mtu. Nilisema pia kwamba majibu niliyoandika hayakuwa ya kweli, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Hapo mama alisita. Kisha akairudia hiyo nayo, neno kwa neno, kwa sauti ile ile.

Injenia alitazama viatu vyake.

Waliuliza. Kwa mara ya kwanza waliuliza. Ikivuja usiku, nani atajua? Ikiharibika, fundi atatoka wapi? Kwa nini mradi usilete betri mpya tu, kitu tunachokijua? Injenia alijibu mengine vizuri. La fundi hakulijibu vizuri. Nilimwona mwenyewe akilizunguka.

Basi mwisho Mzee Kalonda akasema wamesikia, na binti amesema vizuri, na hawaiogopi tena kama siku ile. Lakini iende Nyangwe kwanza. "Watu wa Nyangwe wakilala nayo na wakaamka, tutaiita."

Injenia akasema hajui kama itakuja nyingine. Kapita akasema, basi hatujui wote.

Nilitaka kupiga kelele. Kwa nini wasikubali, wakati sasa wanaelewa? Mama aliniambia njiani kwamba kuelewa ni kitu kimoja, na kuleta mlangoni pako ni kitu kingine. Sijui kama nakubaliana naye. Labda kama niliyoyasema leo ningeyasema siku ya kwanza, yangetosha. Hilo nitabaki nalo.

Alhamisi, tarehe 14

Lori limeondoka na mitungi. Sikwenda kutazama.

Jumapili, tarehe 17

Mvua ya kwanza, mchana, nzito. Madirisha ya maternité yalifungwa na ndani kukawa giza. Nilikuwa nimepeleka simu ya Mama Sifa, nimetoka kuichajisha kwa muuza duka mwenye sahani za jua. Siku hizi naipeleka mimi. Sikuombwa.

Kulikuwa na mwanamke kitandani, yule aliyesema anayezaliwa pale ni wake. Simtaji jina. Alikuwa na uchungu na hakunitambua, au alinitambua na hakujali. Mama Sifa alikuwa na simu kati ya meno. Nikaitoa polepole kinywani mwake nikaishika mimi.

Mvua ilipiga bati tusisikizane. Hakuna aliyenitazama. Nilitazama mahali palipotakiwa mwanga, hapo tu.

Baada ya muda Mama Sifa akasema, "Inua kidogo."

Nikainua.