Mjukuu Usiyemtaja

Bibi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila salamu. Wewe ndiye uliyenifunza.

Jana nimerudi Tongoni kutoka Pangani. Nilikwenda badala yako kwenye mkutano wa wenzako mliosoma nao chuo cha ualimu, safari hii nyumbani kwa Bi Saumu. Mama alitaka aende dada Zulfa, kwa sababu ni mkubwa, anasomea udaktari na anajua kuzungumza na watu. Nililia mpaka Mama akachoka. Nilimwambia, mimi ndiye niliyekuwa nikilala na Bibi, mimi nitakwenda.

Sikwenda kwa mapenzi tu, Bibi. Nilikuwa na wivu. Kila Jumamosi alasiri ulipochukua simu kuwarekodia wenzako sauti, uliniambia, "Riziki, hebu kachote maji." Mitungi imejaa, nawe wanituma maji! Nikiwa njiani kurudi nakusikia ukicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukutoa. Nikawachukia wazee nisiowajua.

Sasa nimewaona. Wamezeeka, lakini wakikutana wanakuwa watoto wa bweni. Mzee Elinami bado ni kiranja wao. Anagonga kijiko kwenye sahani, na anayetaka kusema ananyoosha mkono. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, huku kila mmoja akitoa habari za nyumbani kwake kwa zamu: aliyeoza binti, aliyefiwa, aliyepasuliwa goti. Bi Saumu alipoanza kumsifia mkwe wake, Mzee Elinami akamkatiza, "Saumu, kaa chini. Huyo mkwe tulishamsikia mwaka jana, na hajaongeza kitu." Walicheka mpaka wakakohoa.

Kisha akaita, "Nyumba ya Mwalimu Mwanaidi." Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja akauliza kwa furaha, "Ndiye Zulfa, daktari wetu?"

Nikasema hapana, mimi ni Riziki.

"Riziki wa nani?"

Bibi, wanamjua Zulfa. Wanajua alivyovunjika mkono, wanajua hata rangi ya gauni lake la mahafali. Wanawajua mapacha wa Mjomba, ambao hukuwahi kuwabeba. Mimi niliyekukanda miguu, niliyekusomea maelezo ya dawa zako, hakuna aliyewahi kusikia jina langu. Nikatoa habari zako harakaharaka, kama anayesoma shairi asilolipenda: uliugua, ukatutoka asubuhi, mnazi wa uani umeanza kuzaa. Nikakaa.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Bi Saumu akaniambia, "We mtoto, umenuna." Nikamweleza yote. Badala ya kunihurumia, akapiga kelele, "Elinami! Njoo usikie, Mwanaidi katufanyia mchezo wake tena!"

Ndipo wakanisimulia. Kwamba chuoni kila msichana alisimulia habari za mchumba wake, nawe ukawasifia kaka zako, shangazi zako, mpaka mbuzi wa kwenu. Babu hukumtaja hata mara moja. Walimwona siku ya harusi.

"Bibi yako akiogopa kijicho," alisema Bi Saumu. "Anachokipenda sana hakitoi barazani. Mimi nilijua kuna mtu ndani ya nyumba ile. Hebu sikiliza."

Akafungua simu yake. Sauti yako, Bibi. Nilishika beseni kwa nguvu. Lakini kabla ya sauti yako kuna mlio wa ndoo. Ndoo yangu, ile yenye mkono mbovu, ikilia kwa kila hatua. Wewe umenyamaza. Unangoja. Mlio unapotea mbali kabisa, ndipo unasema, "Haya jamani, Zulfa wetu amefaulu."

Bi Saumu akasema kila sauti uliyomtumia inaanza hivyo.

Wivu haujaisha wote. Ningependa ungenitaja mara moja tu, hata kwa kunong'ona. Na kuna jambo jingine: Bi Saumu anasema ulikuwa bingwa wa kupiga mluzi bwenini. Mluzi, Bibi! Yeye ameusikia, mimi sikuusikia.

Wakati wa kuaga, Mzee Elinami aliniuliza, "Na wewe Riziki, habari zako mwenyewe?" Nikamjibu nasoma, sijambo. Akanitazama, akatabasamu.

Lakini habari ninayo. Zulfa haijui, wala Mama. Nataka kuwa mwalimu. Nikimaliza kidato cha nne nitaomba chuo kilekile, na mwalimu wangu wa darasa anasema nikiendelea hivi nitapata. Nimefunga mlango kabla ya kukuandikia hili.

Nakuahidi, sitalitoa barazani. Wenzako wataniona tu siku nitakapohitimu ualimu, kama walivyomwona Babu siku ya harusi.

Pumzika, Bibi yangu. Maji nimeshachota.

Riziki wa Mwalimu Mwanaidi